Somo: Kuweka programu ya arifa za barua pepe kwenye kompyuta

Ofisini kwetu Tanga nina visanduku vitatu vya barua pepe vinavyonihusu: changu mwenyewe, cha idara, na kile cha zabuni, ambacho hupokea barua chache lakini karibu kila moja ina tarehe ya mwisho. Kwa miaka mingi nilivifungua kwa zamu kwenye kivinjari, asubuhi na baada ya chakula cha mchana, mpaka siku ambayo ombi la ufafanuzi liliingia saa nne na nusu asubuhi likitaka jibu kabla ya saa nane, nami nikalisoma saa tisa. Kosa lilikuwa langu, na ndilo lililonifanya nijifunze haya ninayoyaandika hapa.

Programu ya arifa ni programu ndogo inayokaa kwenye kona ya chini ya skrini, karibu na saa, ikichungulia visanduku ulivyoikabidhi na kukujulisha barua inapoingia. Kazi yake ni kuchungulia tu, haichukui kitu, na matatizo mengi ninayoulizwa hutokana na kuchanganya mambo hayo mawili. Wazo lenyewe si geni: mwaka 1980 mfumo wa Unix wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulikuwa tayari na programu ya namna hii iliyoitwa biff, jina la mbwa aliyezoeleka miongoni mwa wanafunzi wa kompyuta wa pale. Siku hizi kwenye Windows ipo POP Peeper, na kwenye Linux zipo Mailnag na gnubiff. Vitufe vyake havifanani, lakini zote huuliza maswali yaleyale, kwa hiyo nitafuata maswali hayo.

Hatua ya kwanza: chagua IMAP au POP3

Programu itakuuliza aina ya akaunti, yaani ni kwa lugha ipi kati ya hizo mbili itazungumza na seva, kompyuta ya mtoa huduma inayotunza barua zako. Kama seva yako inatoa zote mbili, chagua IMAP bila kusita. POP3 ilibuniwa kwa ajili ya mtu anayekuja, anazoa barua zake na kuondoka nazo. Haina habari kwamba barua fulani umekwisha kuisoma kwenye simu, na haioni folda nyingine zaidi ya kikasha, yaani folda ya barua zinazoingia. IMAP huacha barua zote kwenye seva pamoja na alama zake za kusomwa, na inairuhusu programu kuomba jina la mtumaji na kichwa cha barua bila kugusa alama hizo, hivyo barua iliyotangazwa na arifa hubaki ikionekana kuwa mpya hadi wewe mwenyewe uifungue.

Jaza jina la seva ulilopewa na mtoa huduma. Kwa Gmail, kwa mfano, ni imap.gmail.com. Poti, yaani namba ya mlango wa kuingilia kwenye seva, ni 993 kwa IMAP iliyosimbwa (mawasiliano yaliyofichwa yasisomwe na wengine njiani), au 995 kwa POP3 iliyosimbwa. Ukiona mtu amekuandikia 143 au 110, uliza kwanza kama usimbaji umewashwa, kwa sababu poti hizo zikitumiwa bila usimbaji nywila yako husafiri wazi kwenye mtandao. Sehemu ya jina la mtumiaji kwa kawaida huhitaji anwani nzima pamoja na alama ya @, ingawa baadhi ya seva za ofisi hutaka sehemu ya mbele peke yake.

Ukilazimika kutumia POP3, tafuta mpangilio unaohusu kuacha barua kwenye seva na uhakikishe umewashwa kabla ya kubonyeza kitufe chochote kingine.

Hatua ya pili: nywila

Hapa ndipo wengi hukwama. Google iliacha kupokea nywila ya kawaida kutoka kwa programu za namna hii kwenye akaunti binafsi mwaka 2022, na Microsoft ikafanya hivyo kwa akaunti binafsi za Outlook mwezi Septemba 2024. Kwa hiyo programu yako ama ikupeleke kwenye kivinjari uingie huko na kuipa ruhusa, ama, kwa Gmail, utumie nenosiri la programu: washa kwanza uthibitishaji wa hatua mbili, kisha tengeneza nenosiri hilo kwenye mipangilio ya akaunti. Utapewa herufi 16 katika mafungu manne ya herufi nne nne, nazo huonyeshwa mara moja tu. Zinakili papo hapo kwenye programu, na usiziandike kwenye karatasi ya kubandika pembeni mwa skrini. Siku kompyuta ikiibiwa, utafuta nenosiri hilo moja na vifaa vyako vingine vitaendelea kufanya kazi.

Hatua ya tatu: kupiga hodi au kukaa barazani

Programu inaweza kupata habari za barua mpya kutoka kwa seva kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupiga hodi kila baada ya muda uliopangwa: inaingia, inauliza, inatoka. Wanaoanza huweka dakika moja kwa kuhofia kuchelewa. Hesabu kidogo: visanduku vitatu kwa saa kumi za kazi ni hodi 1,800 kwa siku, na kila hodi ina salamu zake za usimbaji zinazokula bando hata kama hakuna barua. Kwa dakika kumi ni hodi 180, na baadhi ya seva huwafungia kwa muda wanaogonga mno.

Njia ya pili, ambayo naipendelea, huitwa IDLE. Programu inaingia mara moja kwa IMAP na kukaa barazani kimya. Barua inapofika, seva yenyewe inatoa sauti. Ukiwasha kumbukumbu za mawasiliano utaona mstari mmoja kama huu:

* 24 EXISTS

Maana yake ni kwamba kikasha sasa kina barua 24, na hapo programu inauliza ni ya nani. Arifa hufika ndani ya sekunde chache. Kwenye baadhi ya programu mpangilio huu huitwa Push. Uwashe, na pamoja nao weka hodi ya kila dakika kumi au kumi na tano iwe akiba, kwa sababu nitakayoieleza kwenye maswali.

Hatua ya nne: arifa yenyewe

Mimi nimeweka mlio kwa kisanduku cha zabuni peke yake. Vingine viwili hutokeza kijidirisha bila sauti. Kila barua ikipiga kengele, baada ya wiki sikio halisikii tena. Zima pia arifa za folda ya barua taka.

Hatua ya tano: jaribu

Funga kivinjari, chukua simu, jitumie barua kutoka anwani nyingine na uhesabu sekunde. Kisha fungua kisanduku na uangalie kama barua hiyo bado imekolea kama barua isiyosomwa. Ikiwa imefifia, programu yako inafungua barua badala ya kuzichungulia, nawe itafute nyingine.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Nikifunika kompyuta mpakato nikaenda kwenye kikao, nikirudi arifa haziji mpaka niifunge programu na kuifungua upya.

Marahaba. Kompyuta ilipolala, mawasiliano yalikatika, lakini programu bado inadhani imekaa barazani. Kanuni ya IDLE, iliyotolewa mwaka 1997, inashauri programu ijitokeze upya angalau kila dakika 29. Mitandao ya simu huweza kukata laini iliyo kimya mapema zaidi ya hapo. Ndiyo sababu nikasema uweke hodi ya akiba, maana hodi inayofuata itaigundua laini iliyokufa.

Sisi tuko wanne na tunatumia kisanduku kimoja cha ofisi kwa POP3. Mara nyingi mmoja wetu hupata ujumbe wenye maneno IN-USE. Je, nywila imeibiwa?

Hapana, ndugu yangu. POP3 hufunga kisanduku mtu mmoja anapokuwa ndani, na anayefuata hungoja nje. Mkiwa wanne mnaopiga hodi kila dakika, lazima mgongane mlangoni. Mwombeni msimamizi wenu awashe IMAP. Kabla hajafanya hivyo, ongezeni muda uwe dakika kumi na tano, na kila mmoja aanzishe programu yake kwa wakati tofauti.

Nina kanuni inayohamisha barua za wateja kwenda folda ya Wateja. Barua hizo hazitoi arifa kabisa.

IDLE husikiliza folda moja kwa kila muunganisho, na kwa kawaida ni kikasha. Barua inayohamishwa na seva mara tu inapofika haipiti barazani hapo. Ingia kwenye orodha ya folda ndani ya mipangilio ya akaunti na uweke alama kwenye Wateja. Usiziweke alama folda zote, kwani kila moja huongeza muunganisho, na Gmail huruhusu miunganisho 15 tu ya IMAP kwa wakati mmoja kwa akaunti, simu yako ikiwemo.

Jana nilikuwa naonyesha taarifa kwa projekta, kijidirisha kikatokea na kichwa cha barua kuhusu mshahara wa mtu. Nifanyeje?

Pole sana. Kwenye mipangilio ya arifa chagua kuonyesha idadi ya barua peke yake, bila mtumaji wala kichwa. Kama unavihitaji ukiwa peke yako, washa hali ya Usisumbue ya kompyuta kabla ya kuunganisha waya wa projekta, na uizime ukimaliza, maana mwenzangu mmoja aliisahau ikiwa imewashwa kwa siku mbili.