Usizibe banda la kuku wakati wa baridi
Baridi ikianza, wengi hukimbilia kuziba kila tundu la banda. Tafadhali usifanye hivyo. Kuku ana manyoya ya kumkinga. Kinachomuumiza ni unyevu wa pumzi na kinyesi, pamoja na amonia, gesi kali itokayo kwenye kinyesi, inayochoma macho na kuharibu njia ya hewa. Acha matundu wazi juu, karibu na paa, upepo upite bila kuwapiga kuku waliolala kwenye fito. Joto likija, fungua na madirisha ya chini yenye wavu.

Mimi hupima hivi: asubuhi, kabla ya kufungua mlango wote, nainama hadi usawa wa kuku na kuvuta pumzi. Pua ikiwasha, au dari ikiwa na matone ya maji, ongeza matundu siku hiyohiyo.