Kabla hujasimulia historia ya tenzi mbele ya kanisa

Tenzi moja huwa na watu watatu au zaidi nyuma yake: aliyetunga maneno, aliyetunga tuni na aliyetafsiri. Mara nyingi hawakuwahi hata kuonana. Simulizi nyingi za uongo huzaliwa watu hao wanapofanywa mtu mmoja, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuwatenganisha.

Anza kwa kupata mstari wa kwanza wa lugha ya asili. Kitabu chenye maneno tu, bila noti za muziki, mara nyingi hakimtaji mtunzi. Tafuta toleo lenye noti. "Mwamba wenye imara" ni "Rock of Ages", "Usinipite Mwokozi" ni "Pass Me Not". Ukiwa na shaka, hesabu silabi: mstari "Yesu kwetu ni rafiki" una 8, "hwambiwa haja pia" 7, sawasawa na mistari miwili ya kwanza ya "What a Friend We Have in Jesus". Lakini mizani peke yake si ushahidi, maana tenzi nyingi zina vipimo hivyo hivyo. Linganisha pia maudhui ya kila ubeti.

Kisha ingiza mstari huo kwenye hifadhidata ya Hymnary.org na uandike miaka miwili: wa maneno na wa tuni. Hapo ndipo hadithi nyingi huanguka. John Newton anasimuliwa kuwa alinusurika dhoruba, akaacha biashara ya watumwa papo hapo na kuandika "Amazing Grace" melini. Dhoruba ilikuwa 1748. Aliendelea kusafirisha watumwa hadi 1754, na waraka wake wa kuipinga biashara hiyo ulitoka 1788. Maneno aliyatumia kwenye ibada ya Mwaka Mpya 1773 huko Olney, Uingereza, yakifuatana na somo la 1 Mambo ya Nyakati 17, yakachapwa 1779. Tuni tunayoijua iliunganishwa na maneno hayo na William Walker, Marekani, 1835, wakati Newton alishafariki 1807. Ubeti unaotaja miaka elfu kumi nao si wake. Ukweli huu, kwa maoni yetu, unagusa kuliko ile hadithi ya toba ya usiku mmoja.

Si kila simulizi ya kusikitisha ni ya kubuni. Horatio Spafford, aliyeandika "Ni salama rohoni mwangu", kweli alipoteza binti wanne meli ya Ville du Havre ilipozama Novemba 1873. Kosa la kawaida ni kuubandika moto mkubwa wa Chicago kwenye wiki hizo hizo. Ulitokea Oktoba 1871. Tuni ni ya Philip Bliss, 1876, na inaitwa kwa jina la meli ile.

Kinyume chake ni hadithi kwamba Augustus Toplady, mtunzi wa "Rock of Ages", alijificha mvua kwenye ufa wa mwamba. Tenzi ilichapwa kamili 1776, yeye akafa 1778, na hadithi ya mwamba ikaenea miaka mingi baadaye. Kipimo chetu ni hiki: je, mtunzi mwenyewe au mtu wa wakati wake aliandika jambo hilo? Kama hakuna, sema "inasimuliwa kwamba", au iache.

Angalia pia majina. Fanny Crosby, mtunzi wa "Pass Me Not", alitumia majina mengi ya bandia, na baadhi ya vitabu humwita Frances Van Alstyne kwa jina la ndoa. Usimhesabu mara mbili. Ukikuta "alt." kando ya jina la mtunzi, maneno yamebadilishwa na mhariri, hivyo usijenge mahubiri juu ya neno moja kabla ya kuona toleo la kwanza.

Zingatia nyongeza za beti. Enoch Sontonga alitunga "Nkosi Sikelel' iAfrika" 1897, tuni ambayo Watanzania wanaiimba kwa maneno ya "Mungu ibariki Afrika". Beti nyingine za Kixhosa ziliongezwa na mshairi S.E.K. Mqhayi, zikachapwa 1927. Kwenye programu ya ibada, andika majina yote mawili.