Kuishi na Kisukari Bila Kuziacha Raha za Kila Siku

Mtu mzima anapoambiwa kliniki kwamba ana kisukari cha aina ya pili, mara nyingi hurudi nyumbani akihesabu anavyonyimwa: chai tamu ya asubuhi, wali wa nazi, embe za msimu. Huzuni hiyo ni ya haki na haifai kufichwa, kwa kuwa anayeificha ndiye huacha dawa kimyakimya na kumkimbilia yeyote anayemwahidi kumponya kabisa kwa majani na mizizi. Mweleze mwenza wako, au dada, au mtoto aliyekwisha kukua, kisha uanze kuyapokea mabadiliko kwa vitendo.

Anza na chai, kwa sababu ndiyo inayorudi kila siku. Ikiwa umezoea vijiko vitatu vya sukari, shuka hadi viwili kwa wiki moja hivi, kisha kimoja, kisha uache kabisa. Ulimi huzoea taratibu, na kila unapopunguza sukari ongeza viungo. Ponda tangawizi mbichi pamoja na punje chache za iliki, tia kipande cha mdalasini, uyachemshe maji mpaka harufu ienee jikoni, ndipo utie majani ya chai. Mchaichai uliokatwa asubuhi hiyohiyo hauhitaji hata majani ya chai. Soda na juisi, ikiwemo juisi ya matunda halisi, hazistahili huruma hiyo: ziache mara moja, kwa sababu sukari yake huingia katika damu haraka sana nazo hazishibishi.

Wenyeji wa Mombasa na Unguja wana bahati katika jambo hili. Kahawa ya barazani, inayomiminwa kutoka kwenye dele hadi kikombe kidogo kisicho na mkono, tangu zamani hunywewa chungu, na kinacholeta sukari ni kashata au halua inayoandamana nayo. Usijitenge na wenzako kwa sababu ya kashata. Kaa palepale, pokea kikombe chako, kashata ipite. Kwa maoni yangu, mgonjwa anayeacha kwenda barazani hupoteza kitu kikubwa kuliko sukari.

Mezani, nusu ya sahani iwe mboga kama mchicha au kisamvu, robo iwe samaki, kuku au maharage, na robo iliyobaki ndiyo ya wali, ugali au muhogo. Wali wa nazi haujapigwa marufuku, ila ule kidogo na polepole, ukiusikia ladha. Embe nalo lile vipande vichache badala ya zima, na usilisage. Ukimaliza kula, tembea mtaani kwa dakika 10 au 15, uwasalimu majirani. Misuli inayofanya kazi huitumia sukari iliyomo kwenye damu.

Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenclamide, ajue pia hatari ya sukari kushuka: kutetemeka, jasho jingi, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Hapo sukari ndiyo dawa, yaani vijiko vitatu au vinne vya chai vilivyokorogwa katika maji, kisha apime tena baada ya dakika 15. Jioni, ukiwa umekaa unapunga upepo, zikague nyayo zako na katikati ya vidole, kwani kidonda kidogo kisichouma ndicho huleta madhara makubwa.

Ukikusudia kufunga Ramadhani, mwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwa kuwa dozi na saa za dawa huenda zikahitaji kubadilishwa, na wapo wagonjwa ambao hushauriwa wasifunge. Akikuruhusu, futuru kwa maji na tende moja, unywe uji usiotiwa sukari, kisha ule chakula chako kwa kipimo kilekile cha sahani.