Timu yako imeshika mkia NBA? Namna ya kupanga machaguo ya drafti, hatua kwa hatua

Kila mwaka ikifika Mei, mimi na wenzangu sita hapa Dar tunagawana kwa kura timu mbovu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Ukiokota Charlotte, wewe ndiye meneja wa Charlotte mpaka usiku wa drafti, pale timu zinapochagua wachezaji chipukizi kwa zamu. Unaleta orodha yako, unaitetea mbele ya watu, na atakayeonekana amekosea sana anawanunulia wenzake chakula. Mwaka 2024 niliokota Detroit Pistons, timu iliyotoka kushinda mechi 14 na kupoteza 68, tena katikati ya msimu ikafungwa mechi 28 mfululizo. Nitatumia kikaratasi hichohicho kuonyesha kazi inavyofanyika, nawe uifanye kwa timu yoyote inayokunyima usingizi.

Hatua ya 1: Ijue nafasi yako kabla ya kutaja jina la mtu

Mashabiki wengi hudhani aliyeshika mkia ndiye anayechagua kwanza. Hapana. Timu 14 zilizokosa mtoano huingia kwenye bahati nasibu, na kwa kanuni zilizoanza 2019, timu tatu za mwisho zina uwezekano sawa wa kupata chaguo la 1: asilimia 14 kila moja. Kura hupanga machaguo manne ya juu tu. Zinazobaki hufuatana kwa ubovu wa rekodi.

Maana yake, timu ya mwisho kabisa haiwezi kushuka chini ya chaguo la 5, lakini uwezekano wa kuangukia hapo ni asilimia 47.9. Detroit ilishika mkia 2023 ikaangukia la 5. Ikashika mkia tena 2024, ikaangukia la 5. Zidisha mwenyewe: karibu asilimia 23. Watu walilia mkosi, kumbe ni jambo linaloweza kutokea mara moja katika kila nne. Na mwaka 2025 Dallas, yenye uwezekano wa asilimia 1.8, ikaondoka na chaguo la 1 na Cooper Flagg.

Basi andika orodha ya kila chaguo unaloweza kuangukia, ukianzia baya zaidi. Mimi mwaka 2024 niliandaa utetezi mzuri wa Alex Sarr, kijana mrefu kutoka Ufaransa, kurasa mbili nzima. Washington wakamchukua wa 2.

Hatua ya 2: Kagua stoo

Orodhesha wachezaji wa timu wenye miaka 25 kushuka chini, na mbele ya kila jina jibu maswali mawili: miaka mitatu ijayo atakuwepo? Anaweza kufunga kutoka mbali? Stoo ya Detroit ilikuwa hivi. Cade Cunningham, chaguo la 1 la 2021, pointi 22.7 na asisti 7.5 kwa mechi: huyu ndiye nguzo. Jaden Ivey ana mbio. Jalen Duren ni senta wa ribaundi. Ausar Thompson anakaba kama gundi, lakini mitupo yake ya pointi tatu iliingia kwa asilimia 18.6 tu.

Ukisoma majibu ya swali la pili unaona shida mara moja: Cade akiingia ndani, mabeki wanajazana kwenye boma kwa sababu huko nje hakuna wa kumwogopa. Pengo liko wazi, na hapo ndipo mtego ulipo.

Hatua ya 3: Panga kwa matabaka, usipange kwa namba

Usijiumize kuamua kama mchezaji fulani ni wa 6 au wa 7. Weka pamoja wale ambao ukimpata yeyote kati yao utalala vizuri, kisha chora mstari. Ukiwa na chaguo la 5 na tabaka lako linaanzia la 4 hadi la 10, unaweza kuuza nafasi, ushuke, uongezewe kitu. San Antonio mwaka huo walifanya kali zaidi. Walimchagua Rob Dillingham kwa chaguo la 8 wakampeleka Minnesota, wakapewa chaguo la raundi ya kwanza (drafti ina raundi mbili) la 2031 na haki ya kubadilishana machaguo ya 2030. Kwa kundi la vijana wa mwaka ule, lisilo na nyota mmoja aliyewazidi wote, nawaelewa.

Hatua ya 4: Pengo au kipaji?

Hapa tukae kidogo, maana hili sisi Watanzania tulilitazama kwa macho yetu.

Juni 2009, Memphis Grizzlies, waliotoka kushinda mechi 24 tu, walikuwa na chaguo la 2. Wakamchukua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar, mita 2.21, aliyekuwa mchezaji bora wa pamoja wa Big East, ligi ya vyuo vya Marekani, akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut. Mtanzania wa kwanza NBA. Sikulala siku mbili kwa furaha. Wa 3 akatoka James Harden, wa 7 Stephen Curry, na wote wawili wakaja kuwa nyota wakubwa.

Ukikagua stoo ya Memphis ya wakati ule, hesabu inaonekana nzuri. Nafasi ya Harden ilikuwa na O. J. Mayo, ya Curry ilikuwa na Mike Conley. Kilichokosekana ni mrefu wa kulinda boma, na Hasheem alikuwa akizuia mitupo zaidi ya minne kwa mechi. Lakini Marc Gasol alikuwa tayari ndani ya nyumba, mchezaji aliyechaguliwa wa 48 mwaka 2007, na ndiye aliyekuja kuwa mlinzi bora wa ligi nzima 2013. Pengo lilizibwa na mtu waliyekuwa naye. Hasheem akakaa benchi, akashushwa ligi ya chini kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, na Februari 2011 akauzwa Houston. Simlaumu kijana. Alipelekwa kuziba tundu la msimu mmoja, wakati mchezaji mkubwa anahitaji kupewa muda akue.

Kanuni ninayoitumia: mapengo nenda kayanunue sokoni, drafti itumie kutafuta kile ambacho soko haliuzi. Wafungaji wa mbali wanauzwa. Mtu wa mita mbili mwenye mbio, ubishi na akili ya kukaba, akiwa na miaka 18, hauzwi popote.

Hatua ya 5: Tazama mechi, na uhesabu umri

Tazama mechi nzima tatu kwa kila mchezaji, mojawapo ile aliyocheza vibaya. Video fupi za madoido ziache. Angalia anafanya nini mpira ukiwa mbali naye. Kama hajui kufunga kutoka mbali, angalia mitupo yake ya adhabu. Mkono ukiwa laini pale, kuna matumaini. Vijana ninaowafundisha jioni nawapima hivyohivyo.

Umri uuandike kwa wino mwekundu. Anayetaka drafti lazima atimize miaka 19 ndani ya mwaka huo, kwa hiyo utakuta wa 18 na wa 23 kwenye orodha moja. Pointi zao hazina uzito sawa.

Hatua ya 6: Fungua daftari la mishahara

Mchezaji wa raundi ya kwanza anasaini miaka minne: miwili ya mwanzo ni ya uhakika, miwili inayofuata timu inaamua. Ni bei nafuu, na unafuu huo ndio unaokupa fedha za kununua wazoefu. Detroit majira yale walimsajili Tobias Harris, miaka 2 kwa dola milioni 52, na Malik Beasley, mwaka 1 kwa dola milioni 6. Wakampokea Tim Hardaway Jr. kutoka Dallas pamoja na machaguo matatu ya raundi ya pili, wao wakamtoa Quentin Grimes. Msimu uliofuata Beasley alifunga mitupo 319 ya pointi tatu, na timu ikatoka ushindi 14 hadi 44.

Hatua ya 7: Usiku wenyewe

Kwetu ilianza saa tisa usiku. Weka chai kwenye chupa, orodha mkononi, na kila jina likitajwa lipige mstari papo hapo. Risacher, Sarr, Sheppard, Castle. Zamu yangu ikafika na tabaka langu la juu lote limekwisha.

Nikalitazama lile pengo la hatua ya 2. Nikamtaja Dalton Knecht wa Chuo Kikuu cha Tennessee, miaka 23, mfungaji wa mbali. Detroit halisi wakamtaja Ron Holland, miaka 18, mkabaji asiyejua kufunga kutoka mbali. Knecht aliendelea kukaa pale mpaka chaguo la 17, Lakers walipomchukua, na wenzangu walikuwa wameshaanza kuagiza: chipsi mayai saba, mishikaki ishirini na moja.