Namna ya kufuatilia chimbuko la wimbo wa miaka ya 60

Anza na santuri yenyewe, kabla hujamuuliza mtu. Soma lebo: jina la wimbo, bendi, na chini yake, mara nyingi kwenye mabano, jina la mtunzi. Nakili namba ya toleo. Kisha inamisha santuri kwenye mwanga usome namba iliyochongwa pale mifereji inapoishia, karibu na lebo. Namba ya toleo hubadilika kampuni inapoutoa wimbo upya, lakini hii ya kuchongwa husaidia kujua kama ni rekodi ileile. Santuri ya kasi ya 78 (mizunguko 78 kwa dakika) usiifute kwa spiriti, itaharibika. Tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo, ukifuata mzunguko wa mifereji.

Jina lililo kwenye mabano ndilo hupoteza wengi. Linaonyesha aliyesajiliwa kama mtunzi, na huenda si mtunzi wa kweli. Solomon Linda, mwimbaji wa Afrika Kusini, alirekodi “Mbube” Johannesburg mwaka 1939. The Weavers wa Marekani walipoupiga kama “Wimoweh”, mtunzi aliandikwa Paul Campbell, jina la bandia la kundi hilo. Mwaka 1961 The Tokens wakauvumisha duniani kwa maneno ya Kiingereza. Linda alifariki 1962 akiwa maskini, na familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006 tu.

Kwa hiyo tenga maswali matatu: nani alitunga, nani alirekodi kwanza, nani alisajili? “Malaika” huonyesha umuhimu wake. Fadhili William wa Kenya hutajwa sana kwa rekodi ya mwanzo, ilhali Adam Salim wa Tanzania hutajwa kuwa ndiye aliyeutunga. Ukichanganya maswali hayo, utamnyima mmoja haki yake. Tafuta pia majina mengine ya wimbo: kwenye albamu ya Harry Belafonte na Miriam Makeba ya 1965, “Malaika” umeandikwa kwa Kiingereza, “My Angel”.

Sasa sikiliza maneno, ubeti kwa ubeti, ukiandika kila jina la mtu, chama au mahali. “Indépendance Cha Cha” hudhaniwa kuwa ulitungwa kwa ajili ya sherehe za uhuru wa Kongo, 30 Juni 1960. Lakini unataja mkutano wa Table Ronde, yaani mazungumzo ya Ubelgiji na viongozi wa Kongo kuhusu uhuru, na viongozi waliohudhuria, kwa sababu Joseph Kabasele na bendi yake ya African Jazz waliupiga Brussels wakati wa mkutano huo, miezi mitano kabla.

Wazee waje mwisho. Ukimuuliza mzee mwaka, atakukisia. Muulize bendi ilikuwa ikipiga ukumbi gani, nani alishika gitaa la solo, yeye alikuwa akifanya kazi wapi. Mwaka utaupata humo. Usimtajie jina uliloliona kwenye lebo, maana wengi watalikubali kwa heshima tu. Na masimulizi yakigongana, andika yote mawili, kila moja na jina la aliyesimulia na tarehe ya mazungumzo.