Petroli ya supamaketi inaua injini? Kwa ndugu zetu wa Tanga mlioko ughaibuni

Kila nikiongea na ndugu walioko Uingereza, hasa wale wa mwaka wa kwanza wa pili, swali la mafuta halikosi. Mtu kanunua kigari chake cha mtumba, Yaris au Corsa, anabeba boksi usiku na mchana, alafu anapita supamaketi yenye pampu pale pale mlangoni na bei nafuu, anaiacha, anaenda kujaza kwenye sheli ya kampuni kubwa kwa bei ya juu kwa sababu kuna mtu kamwambia mafuta ya supamaketi yanaua injini. Mi nimeendesha huko miaka na sasa niko zangu Tanga, barabara ya Segera naijua kila shimo, na nasema wazi kabisa: jazeni supamaketi. Gari ya kawaida haitadhurika, na hiyo hela mnayoiacha kwenye pampu ina kazi nyingi huku nyumbani.

Woga unatoka wapi naelewa vizuri. Sisi tumekua na chakachua. Enzi zile mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo sana ukilinganisha na petroli na dizeli, kwa hiyo wajanja wanachanganya wanauza, mtu anatoka Ngamiani hajafika hata Muheza gari inamisi, inakata, fundi akifungua plagi anakuta nyeusi tii. Mwaka 2010 ndo EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba, yaani alama ya kemikali, kwenye mafuta ili wakipima kituoni wajue kama kuna kitu kimechanganywa, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mpaka ile faida ya kuchanganya ikapungua. Ndo maana mtu wa huku akishapata kituo anachokiamini hakihami, na hiyo ni akili kabisa. Shida inakuja akipanda ndege anaondoka na ule ule woga, akiona bei ndogo anajua tayari kuna mchezo umechezwa.

Kule bei ndogo ina sababu yake nyingine. Supamaketi anatumia mafuta kukuvuta wewe uingie dukani, pampu ziko kwenye uwanja wake mwenyewe, foleni ya magari haikatiki toka asubuhi, kwa hiyo faida ndogo kwa kila lita inamtosha maana anajua ukimaliza kujaza utaingia kununua maziwa na mkate na vitu vingine ambavyo hukupanga. Sheli ya barabarani haina huo mserereko. Na zile za kwenye motowei ndo usiguse kabisa kama una namna, bei zake ziko juu kwa sababu wanajua umebanwa, huna pa kwenda.

Sasa mafuta yenyewe. Petroli yote inayouzwa Uingereza, iwe Tesco, Asda, Sainsbury's, Morrisons, Shell au Esso, lazima itimize kiwango kimoja kinaitwa EN 228, na dizeli ni EN 590. Oktani, nitaieleza mbele, haitakiwi kushuka chini ya 95, salfa haitakiwi kuzidi miligramu 10 kwa kilo. Viwanda vya kusafishia mafuta kule ni vya kuhesabu, kuna Fawley karibu na Southampton, kuna Pembroke kule Wales, Stanlow na Humber, na mengi tu yanaingia kwa meli, alafu yanakaa kwenye maghala ambayo kampuni nyingi zinachukulia hapo hapo. Lori la supamaketi na lori la kampuni kubwa yanaweza kupanga foleni moja. Hata hapa kwetu ni hivyo hivyo, meli ikishusha Tanga chini ya ule utaratibu wa uagizaji wa pamoja mzigo ni mmoja, kampuni zinagawana, kila mmoja anaenda kuuza chini ya bango lake.

Tofauti ipo lakini, nisiwadanganye. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Lori likiwa linapakia pale ghalani kila kampuni inatia viungo vyake, na kiungo kikubwa ni sabuni, yaani kemikali ya kusafisha injekta na valvu ili masizi yasigande. Kampuni kubwa zinajisifia kwa sabuni nyingi na bora zaidi, hasa kwenye petroli yao ya bei ya juu, na kwa hilo wana hoja. Marekani chama cha madereva cha AAA walipima 2016, wakaendesha injini kwa kiasi cha maili 4,000, wakakuta petroli isiyo na kiwango kinachoitwa Top Tier inaacha masizi mara 19 zaidi ya ile yenye kiwango hicho. Ni tofauti kubwa hiyo, siwezi kuipuuza. Lakini tusome vizuri, Top Tier haimaanishi ghali wala haimaanishi jina kubwa. Kilianzishwa 2004 na watengeneza magari wenyewe, kina BMW, Honda, Toyota na GM, na Costco, yale maduka makubwa ya jumla ambao ndo hao hao wa bei ya kutupa, wamo kwenye orodha. Kwa hiyo ndugu ulioko Houston au Minneapolis tafuta alama ya Top Tier kwenye pampu, ukiiona jaza kwa amani, jina la kituo achana nalo.

Alafu kuna jambo wauza sabuni hawalisemi sana. Magari mengi ya siku hizi petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti tena juu ya valvu za kuingiza hewa kama zamani. Sasa kama mafuta hayazigusi valvu, hiyo sabuni itaziosha saa ngapi? Injekta itasaidia ndio, valvu hapana. Mtu anakwambia jaza ya ghali usafishe injini, muulize kwanza gari yake inapuliza wapi.

Oktani nayo inawachanganya watu sana. Oktani kubwa haina maana mafuta yana nguvu zaidi wala ni masafi zaidi, maana yake ni kwamba yanavumilia mgandamizo zaidi kabla hayajajilipua yenyewe. Kama injini yako imetengenezwa kwa 95, ukiweka 99 umenunua uvumilivu ambao injini haiuhitaji. Fungua kile kimlango cha tangi, mara nyingi wameandika humo ndani, au soma kitabu cha gari. Wakisema 98 ni lazima, basi weka, hizo ni gari za turbo kali au za mashindano, sio Yaris ya kwendea kazini. Na hata hapo supamaketi hujakosa, Tesco wana Momentum ya oktani 99. Walioko Marekani msishtuke kuona 87, kule wanapima kwa njia nyingine, hiyo 87 yao inakaribia 91 au 92 kwa kipimo cha Ulaya.

Kuna mzee ataleta habari ya 2007, na ni ya kweli. Mwanzoni mwa mwaka ule petroli iliyouzwa kwenye supamaketi nyingi kusini mashariki mwa Uingereza ilikuwa imeingiwa na silikoni, sensa za oksijeni zikafa, magari yakawa yanatetemeka na kupoteza nguvu, watu wakaingia gharama. Lakini angalia ilivyotokea: uchafu uliingia kabla mafuta hayajafika kituoni, huko huko kwenye mnyororo wa ghala, na kitu cha namna hiyo kinaweza kumkuta muuzaji yeyote anayechukua mzigo sehemu hiyo. Na ilikuwa habari kubwa nchi nzima kwa sababu sio kitu cha kila siku. Kilichowaokoa wengi ni risiti. Tunzeni risiti jamani, piga picha ikae kwenye simu.

Haya, hela. Tangi la lita 50, tofauti ya peni 5 kwa lita, ni paundi 2 na nusu kila ukijaza. Ukijaza kila wiki kwa mwaka ni paundi 130. Ukimlinganisha na yule anayejaza ile ya oktani kubwa ni zaidi ya hapo sana. Wewe mwenyewe unajua mama yako pale Pongwe paundi 130 atazifanyia nini. Ila usivuke mji kufuata peni, hili nalo naliona sana: gari inayokula galoni moja kwa maili 40, ukienda maili 5 na kurudi 5 umechoma lita moja na kidogo, hiyo ni zaidi ya paundi moja na nusu mafuta yakiwa kwenye paundi 1.40, na kama ulienda kujaza lita 30 basi faida yote umeiacha barabarani. Jaza ukiwa unaenda kununua chakula au unatoka kazini. Programu za simu za kulinganisha bei zipo, angalia kabla ya kutoka.

Wageni kabisa, vitu vichache vya haraka. Uingereza mpini wa pampu wa kijani ni petroli, mweusi ni dizeli, lakini Marekani kwenye vituo vingi kijani ndo dizeli, kwa hiyo soma maandishi usiangalie rangi. Ukikosea usiwashe gari, hata swichi usizungushe, piga simu wakuvute. Ukilipa kwa kadi kwenye pampu wanaweza kuzuia hata paundi 100 kwanza ndo warudishe inayobaki, kwa hiyo kama akaunti ina paundi 40 kadi inaweza kukataa na hujaibiwa wala nini, nenda kalipie ndani. Petroli ya kawaida kule tangu Septemba 2021 ni E10, ina ethanoli mpaka asilimia 10, magari yote mapya yaliyouzwa kule kuanzia 2011 yanaipokea, kama lako ni la zamani sana hakiki kwanza, likikataa utatumia E5 ambayo iko kwenye ile pampu ya oktani kubwa.

Wenye dizeli nina neno nanyi, maana hapa ndo lawama nyingi za supamaketi zinapoanzia. Kijana anafanya kazi ya kulea wazee, anatoka nyumba moja kwenda nyingine dakika tano tano siku nzima, gari ya dizeli, miezi inapita taa inawaka kwenye dashibodi, fundi anamwambia kichujio cha moshi kimeziba, ile DPF, na jamaa anaapa ni mafuta ya supamaketi. Sio mafuta. Kile kichujio kinajisafisha kwa kuchoma masizi, na hakiwezi kuchoma mpaka moshi uwe wa moto kwa muda, na hiyo inataka mwendo mrefu wa barabara kubwa. Kwa mizunguko ya dakika tano jaza mafuta ya ghali kuliko yote, kitaziba tu. Kama maisha yako ni ya mizunguko mifupi nunua petroli au haibridi, na kama dizeli unayo tayari itoe motowei mara kwa mara ikimbie nusu saa.

Ndugu wa Muscat na Dubai ninyi hili haliwahusu sana, bei zenu serikali inatangaza kila mwezi, Emirati tangu Agosti 2015 na Oman tangu 2016, kwa hiyo kampuni hii na ile bei ni moja. Kwenu swali ni 91 au 95, na jibu liko kwenye kile kimlango cha tangi.

Sasa ukirudi Tanga likizo geuza kichwa. Huku bei haikwambii kitu kuhusu ubora, EWURA wanatoa bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kila wilaya na yake, unaweza kuiangalia kwa *152*00#, na vituo vinapishana kidogo tu. Cha kuangalia ni kituo chenyewe. Chagua chenye magari mengi, malori na mabasi yanajaza hapo, maana mafuta hayakai. Tangi la chini ya ardhi lililochoka masika likilowana maji yanaingia, na hilo nimeliona kwa macho kwa fundi mmoja Ngamiani: Noah imeletwa inavutwa, fundi katoa mafuta kidogo kutoka kwenye tangi akayaweka kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, akaiweka juu ya boneti, baada ya dakika chache pale chini ukaona mstari umejichora, juu petroli ya njano njano, chini maji meupe kama vidole viwili hivi. Hakuna sabuni ya kampuni yoyote inayotibu hicho. Lori likiwa linashusha mzigo kituoni subiri au nenda kingine kwa sababu tope la chini linatibuka. Angalia pampu ianze na sifuri, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bila hiyo ukienda kulalamika EWURA huna pa kuanzia. Na mafuta ya chupa ya pembeni ya barabara ni ya kukufikisha kituo cha karibu tu.

La mwisho ni kwa mnaoacha magari huku kwa shemeji au mpwa mkirudi ughaibuni. Petroli ikikaa miezi inachacha, inabadilika harufu na rangi, inaacha gundi kwenye injekta. Gari isiachwe na robo tangi, hewa ikiwa nyingi ndani na joto hili la pwani unyevu unaganda humo humo. Jaza tangi, mwachie mtu hela ya mafuta na mwambie aiendeshe kweli, aende nayo mpaka Muheza na kurudi kila baada ya wiki mbili, sio kuiwasha tu uani dakika tatu na kuzima. Na ukikuta imekaa mwaka mzima haijaguswa, usiipige stata ukitoka tu airport, mwite fundi amwage yale mafuta kwanza, abadilishe filta, ndo uwashe.