Laptopu imegoma kuwaka baada ya apdeti? Fanya haya kabla hujakubali ifomatiwe

Juzi shangazi yangu wa Majengo alinipigia simu saa moja asubuhi, hata shikamoo yangu hakuingoja iishe. "Mwanangu, mashine yazunguka tu tangu jana usiku. Fundi asema afomati kwa 1,500, nimpe?" Ndani ya mashine ile mna hesabu zake zote za duka la leso. Nikamwambia, "Shangazi, ifunge, usimpe mtu," nikapanda matatu kutoka Mtwapa.

Kufomati, yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya, ni dawa ya fundi mwenye haraka. Tarehe 19 Julai 2024, apdeti mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, iliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, na dawa ilikuwa kufuta faili moja. Mashine yako nayo huenda haina ugonjwa mkubwa kuliko huo. Ninayoeleza hapa ni ya Windows 10 na 11.

Hatua ya 1: Ngoja

Asilimia kusimama pale pale si kifo. Diski ya zamani ya kuzunguka yaweza kula saa mbili, tatu kwa apdeti kubwa. Kitaa cha diski kikimeta, iache kwenye stima ukapike. Kikizima saa nzima na asilimia hazisongi, endelea.

Hatua ya 2: Chomoa kila kitu

Flashi, printa, kipanya, chaja. Bonyeza kitufe cha kuwashia, usiachilie kwa sekunde 30. Rudisha chaja peke yake, washa.

Hatua ya 3: Apdeti isisingiziwe

Ukiwasha na skrini inabaki nyeusi, hata alama ya kampuni haitokei, hapo Windows bado haijafikiwa. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, na chumvi hupenda meno ya memori (kile kibao cha RAM). Mashine isiyozimwa miezi huwa inajikokota hivyo hivyo. Siku apdeti inapoizima na kuiwasha ndipo memori inapokataa. Toa betri, chomoa memori, pangusa meno yake kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, yakauke, rudisha mpaka ilie "ka". Mafundi wengi hutumia kifutio cha penseli. Mimi sikipendi, huacha vumbi.

Hatua ya 4: Ingia kwenye skrini ya matengenezo

Washa. Alama ikitokea tu, shikilia kitufe mpaka mashine izime. Rudia mara mbili, tatu, mpaka iandike "Preparing Automatic Repair". Ikishakuja skrini ya buluu, fuata "Advanced options", "Troubleshoot", kisha "Advanced options" tena.

Huenda hapa ikakudai ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski, wenye tarakimu 48. Usibahatishe. Fungua aka.ms/myrecoverykey kwenye simu, uingie kwa akaunti iliyotumika siku mashine ilipoanzishwa. Kasheshe ni kwamba akaunti hiyo mara nyingi si yako, ni ya aliyekuuzia au kijana aliyekutengenezea. Ya shangazi ilikuwa ya binamu yangu aliyeko Doha. Tukangoja atoke kazini, akatutumia tarakimu kwa sauti kwenye WhatsApp, shangazi akiandika nyuma ya risiti ya leso. Tulikosea mara mbili. Mwombe mtu akutumie picha, na mlinganishe kwanza kitambulisho cha ufunguo kilichoandikwa kwenye skrini, maana akaunti moja yaweza kuwa na funguo za mashine tatu.

Hatua ya 5: Ondoa apdeti

"Uninstall Updates", halafu "Uninstall latest quality update". Mashine nyingi hupona hapa. Kama ni ile apdeti kubwa ya toleo jipya, chagua ya "feature update", ila kwa kawaida una siku 10 tu za kurudi nyuma.

Hatua ya 6: Dirisha jeusi na herufi zinazodanganya

Ikikataa kuondoka, kama ilivyokataa ya shangazi, rudi uchague "Command Prompt". Ni hapa nilipopotezea usiku mzima miaka ile najifunza kazi.

Dirisha litaandika X:\. Hiyo X ni mfumo mdogo wa matengenezo, si diski yako. Na C uliyoizoea huenda si C tena, kwa sababu huku ndani herufi hugawiwa upya. Usiku ule niliandika C kama nilivyoona kwenye video, nikaambiwa hakuna kitu, nikaamini diski imekufa. Kumbe ilikuwa inaitwa D. Kwa hiyo anza hivi, mstari mmoja mmoja:

diskpart
list volume
exit

Ile kubwa iliyoandikwa NTFS ndiyo unayoitafuta. Ile ndogo ya FAT32 ni ya kuwashia, iache. Na ukiwa ndani ya diskpart usiandike kingine chochote, hasa neno clean. Hilo hufuta mgawanyo wote wa diski, wala halikuulizi kama una hakika. Ukishatoka, hakikisha:

dir D:\

Ukiona Windows na Users, umefika. Usipoona, jaribu herufi nyingine. Ikijibu kwamba diski imefungwa, ni BitLocker tena: andika manage-bde -unlock D: -RecoveryPassword, ufuatishe zile tarakimu 48 pamoja na vistari vyake. Sasa, tuseme ni D:

mkdir D:\muda
dism /image:D:\ /cleanup-image /revertpendingactions /scratchdir:D:\muda

Amri hii huiambia Windows iachane na apdeti iliyokwama katikati. Acha nafasi kabla ya kila mkwaju wa namna hii /, ila usiache nafasi baada ya image: hata kidogo. Folda ya muda nimeiweka kwa sababu X ina nafasi finyu, na kazi yaweza kukatikia njiani. Usiijaribu kamwe amri hii kwenye mashine inayowaka vizuri. Ni ya iliyogoma tu.

Ikimaliza itasema marejesho yatajaribiwa ukiwasha tena. Maana yake kazi yenyewe bado! Kuwasha huko kwa kwanza ni kwa kobe, na ukizima katikati umejitia kwenye shimo jingine. Ya shangazi ilichukua dakika 40, na stima ikapotea ikiwa katikati. Betri ndiyo iliyotustiri. Kama betri yako ni pambo tu, azima yupiesi ya saiba ya karibu kwanza.

Video nyingi zitakupeleka kwenye bootrec /fixboot. Kwenye mashine za siku hizi mara nyingi hujibu "Access is denied", na kwa apdeti iliyokwama haikusaidii kitu.

Hatua ya 7: Ikishindikana yote

Washa kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine unaoweza kuwaka badala ya Windows, chagua kuijaribu bila kuisakinisha, nakili faili zako kwenye diski ya nje. Baada ya hapo fundi afomati apendavyo.

Hatua ya 8: Ikiwaka

Nakili faili kabla hata ya kumpigia mtu simu. Kisha nenda "Settings", "Windows Update" (kwenye Windows 10 imo ndani ya "Update & Security"), usitishe apdeti wiki moja au mbili, halafu uziruhusu tena mashine ikiwa na chaji na wewe huna haraka.

Nakala ya shangazi sasa iko ndani ya kopo la biskuti kabatini, pamoja na ile risiti ya leso yenye tarakimu 48. Mara hii nimezihakiki mimi mwenyewe.